Kalibu ya Mweze Ngangura

Tazama wafyatua matofali: kalibu ni ileile tangu asubuhi hadi jioni, kinachobadilika ni udongo. Filamu za polisi, za kutisha, za vichekesho nazo ndivyo zilivyo. Mtazamaji ameizoea kalibu, haulizi njia, na mwongozaji mjanja hutumia mazoea hayo kumpakulia udongo asioutarajia. Bong Joon-ho wa Korea Kusini amepata sifa kwa ufundi huo. Katika The Host (2006) dude linaibuka kutoka Mto Han baada ya kemikali kumwagwa kwenye sinki la kambi ya jeshi la Marekani; unakimbizwa na dude, kumbe unaoneshwa siasa. Sisi wa Bukavu tunaye fundi wetu, naye alitangulia.

Mweze Ngangura alizaliwa hapa mwaka 1950, akasomea sinema Ubelgiji. Mwaka 1987, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy, alitoa La Vie est belle. Papa Wemba ni Kourou, mwanamuziki maskini wa kijijini anayeingia Kinshasa akitafuta bahati, akaishia kuwa boyi wa nyumbani kwa tajiri Nvouandou. Tajiri amepungukiwa nguvu za kiume, na mganga anamwagiza aoe msichana bikira. Anayeolewa ni Kabibi, ambaye Kourou amempenda.

Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Patroni hajui kwamba boyi wake ndiye mpinzani wake. Boyi naye hajui anamfagilia nani ukumbi. Sisi tuliokaa mbele ya skrini ndio tunaojua yote, na kicheko chetu kinatoka katika tofauti hiyo. Kalibu hii ya bwana na mtumishi ni kongwe, Wazungu waliitumia jukwaani karne nyingi. Lakini udongo ni Zaire: tajiri mwenye gari, klabu na wake wawili anachekwa na watu wa uani kwake. Mimi sioni hotuba iliyoweza kusema hayo mbele ya Rais Mobutu ikavumiliwa.

Kinachonikera ni lugha. Watu wa mitaa ya Kinshasa wanabishana kwa Kifaransa, halafu nyimbo zinaanza kwa Lingala na ghafla filamu inapata damu.

Pièces d'identités (1998) inarudia kalibu kwa udongo wa Brussels. Mzee Mani Kongo, mfalme, anasafiri na mavazi yake ya enzi kumtafuta binti aliyepelekwa Ubelgiji tangu utotoni. Fedha zinakwisha, anaviweka rehani vitu vyake vya kifalme. Tunamcheka mshamba mjini mpaka tunatambua kwamba mji ndio usiojua aliye mbele yake. Filamu hiyo ilitwaa tuzo kuu ya FESPACO, Ouagadougou, mwaka 1999.

Katikati ya hizo mbili kuna filamu ambayo wengi hapa hawajaiona, ya mwaka 1994, isiyo na mwigizaji hata mmoja: Le Roi, la vache et le bananier. Mweze anarudi Ngweshe, huko Walungu katika Bushi, na kamera yake. Mwami, yaani mfalme, ng'ombe, mgomba. Mtu wa Bushi hahitaji kufafanuliwa: ng'ombe ndiye mahari, mgomba ndio kasiksi, pombe ya ndizi, inayonywewa siku mahari yanapopokelewa, na ardhi unaposimama mgomba huo, kwa mila, ni ya mwami.