Feni ya kompyuta inavuma mchana kutwa? Kagua haya kabla ya kununua mpya

Una stesheneri kijijini. Shule imeleta mitihani ichapwe, na kompyuta ya mezani inazimika yenyewe katikati ya kazi. Au feni yake inavuma kama mashine ya kusaga tangu asubuhi. Wengi hukimbilia kununua feni mpya, kumbe mara nyingi feni ni nzima na tatizo liko kwingine.

Feni hujuaje kuwa joto limepanda?

Ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kuna kipima joto. Ubao mkuu husoma kipimo hicho, kisha huiamuru feni. Kazi ikiwa nyepesi feni huenda taratibu, ikiwa nzito huongeza mwendo. Joto likikaribia nyuzi 100, prosesa nyingi hupunguza kasi ya kazi. Likizidi hapo, kompyuta hujizima ili isiungue.

Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu.

1. Vumbi

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha. Chini ya feni kuna chuma chenye mapezi membamba. Vumbi likijaa humo joto halitoki, na feni hukimbia bila mafanikio. Shika feni kwa kidole isizunguke, kisha safisha kwa brashi laini na kavu. Usitumie maji. Kasha la pawa saplai usilifungue kabisa, kwani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya.

2. Plagi ya feni

Hakikisha imechomekwa palipoandikwa CPU_FAN. Ikiwekwa kwingine, huenda isifuate joto la prosesa. Halafu hesabu nyaya zake. Zikiwa 4, waya wa nne ndio unaobeba amri ya kasi. Zikiwa 3, ubao huongoza kasi kwa kupunguza au kuongeza umeme.

3. Mipangilio

Rudisha umeme, washa kompyuta, na papo hapo bonyeza Delete au F2 mara kadhaa hadi ukurasa wa BIOS ufunguke. Kitufe hutofautiana kati ya mashine na mashine. Tafuta sehemu ya feni. Feni ya nyaya 4 ichagulie PWM, ya nyaya 3 ichagulie DC. Feni ya nyaya 3 ikiwekewa PWM hukimbia kwa kasi yote muda wote, na hapo ndipo kelele nyingi huanzia. Hifadhi, kisha toka.

Ikiwa tarehe ya kompyuta nayo hurudi nyuma kila unapowasha, betri ndogo ya ubao, ambayo kwa kawaida ni CR2032, imekwisha. Huenda ndiyo inayopoteza mipangilio yako. Ibadilishe.

Lini umwite fundi?

Kama feni inakimbia, hakuna vumbi, na joto bado liko juu, huenda chuma cha kupoza kimelegea au pesti iliyo kati yake na prosesa imekauka. Kazi hiyo mwachie fundi.

Feni ikigoma kabisa kuzunguka wakati prosesa ni moto, hiyo ndiyo ya kubadilisha. Nunua yenye ukubwa uleule na idadi ileile ya nyaya. Kabla ya kuipata, usiendelee kuchapa mitihani kwa mashine hiyo.