Ukurasa wa Mwanzo au wa Nyumbani?

Ukurasa unaofungua tovuti mara nyingi huitwa "ukurasa wa nyumbani". Hii ni tafsiri sisisi, nasi twaona yapotosha. Mkazi wa Shinyanga ajitengenezeaye tovuti nyumbani kwake, kwa kujifurahisha tu, aweza kudhani kwamba hapo ndipo mahali pa kueleza familia na makazi yake, hali ukurasa huo ni mlango wa kurasa nyingine zote.

Wachimbaji wadogo wa Geita hulitaja shimo la dhahabu kwa neno la Kiswahili, "duara", na mashine ya kusagia mawe kwa neno lililotoholewa, "karasha". Yote mawili yaeleweka, kwani yamezoewa kazini.

Twapendekeza "ukurasa wa mwanzo". Mfasiri na atazame kwanza kazi ya kitu, ndipo atazame neno la kigeni.