Kuiuliza Git kwa Pumzi Moja

Tarehe 7 Aprili 2005, Linus Torvalds alihifadhi komiti ya kwanza ya Git ndani ya Git yenyewe. Kitambulisho chake kinaanza na e83c5163. Ukiifungua kwa amri ya `git cat-file -p`, hukuti msimbo hata mstari mmoja. Unakuta kitambulisho cha saraka, jina la Torvalds, namba 1112911993, alama ya -0700 na ujumbe mfupi. Namba hiyo ni sekunde zilizopita tangu 1 Januari 1970. Alama inayofuata inaonyesha kwamba saa ya mwandishi ilikuwa nyuma ya saa ya kimataifa kwa saa 7. Komiti zilizokuja baadaye zina pia kitambulisho cha mzazi.

Metadata ndiyo hiyo, na ni ndogo mno. Faili zimehifadhiwa kando, kwa hiyo programu inayotafuta nani alibadilisha na lini haina haja ya kuzigusa.

Kinachochelewesha kazi ni namna ya kuuliza. Anayeanza huandika kitanzi kinachoita `git show` upya kwa kila komiti, sawa na kumtuma mtoto dukani akalete kiberiti njiti mojamoja. Ghala la Linux lina komiti zaidi ya milioni moja. Kila mwito ukichukua milisekunde 5 tu, milioni moja zinakula zaidi ya dakika 80.

Amri moja inatosha: `git log --format='%H%x00%an%x00%at%x00%s'`. Inatoa kitambulisho, jina, sekunde na kichwa cha ujumbe, mstari kwa kila komiti. Hiyo `%x00` ni baiti ya sifuri, na inafaa kutenganisha sehemu kuliko mkato, kwa kuwa watu huandika mikato ndani ya ujumbe. Programu nayo isome mistari kadiri inavyotoka, isisubiri yote ijae kwenye kumbukumbu. Na kama tayari una orodha ya vitambulisho vilivyotawanyika, washa `git cat-file --batch` mara moja, kisha uilishe kimoja baada ya kingine.

Ugumu halisi unaanza unapouliza historia ya faili moja. Hapo Git hulazimika kulinganisha saraka za komiti na za mzazi wake, hatua kwa hatua. Toleo 2.18 la mwaka 2018 lilileta faili la `commit-graph`, linaloweka wazazi na tarehe mahali pamoja, tayari kusomwa. Majina ya waandishi na ujumbe hayamo humo. Mwaka 2020, toleo 2.27 likaongeza vichujio vya Bloom, ambavyo kwa kila komiti hujibu ama "faili hili halikuguswa", kwa uhakika kamili, ama "huenda liliguswa". Saraka hufunguliwa kwa jibu la pili tu. Ni ubunifu mzuri sana, na unapatikana kwa kuendesha `git commit-graph write --reachable --changed-paths`.

Ghala likiwa mbali, usilipakue lote. Seva ikiruhusu, `git clone --bare --filter=tree:0` huleta komiti bila saraka wala faili. Lakini ukiuliza historia ya faili kwenye nakala hiyo, Git itarudi mtandaoni kufuata saraka zilizokosekana; kwa kazi hiyo tumia `--filter=blob:none`, inayoleta saraka zote na kuacha yaliyomo kwenye faili.