Jibu la Barua Pepe Litungwalo na Mashine

Wanachama wengi watakuwa wamekwisha kuliona jambo hili. Mtu anaandika barua pepe saa nne ya usiku, anauliza neno dogo, na kabla hajaiweka simu chini jibu limekwisha fika. Jibu lenyewe lina adabu, lataja jina lake, lataja na neno aliloliuliza. Baadhi yenu mmefurahi. Baadhi mmetuuliza ni karani gani huyo asiyelala. Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, maana limetupa faida, na limekwisha tutia aibu pia.

Anayejibu saa ile si karani, ni programu. Yetu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl, ambayo Bwana Larry Wall wa Marekani aliitoa kwa watu mwezi wa Desemba 1987. Lugha hii ni hodari sana katika kusoma maandishi, kuyachambua na kuyapanga upya. Na barua pepe, ukiivua mapambo yake, ni maandishi matupu. Ndiyo sababu katika miaka ya 1990 kazi nyingi za barua katika intaneti ziliangukia mikononi mwa Perl. Majordomo, programu iliyoendesha orodha nyingi za barua wakati ule, iliandikwa kwa lugha hiyo. Siku hizi lugha nyingine zimepata jina zaidi, na vijana hucheka wakisikia kuwa sisi bado twatumia Perl. Hatuoni sababu ya kutupa panga linalokata ati kwa kuwa lilikuwa la babu.

Tuanze na barua yenyewe. Barua pepe ina sehemu mbili. Juu iko mistari ya maelezo: yatoka kwa nani, yaenda kwa nani, tarehe gani, yahusu habari gani. Kisha huja mstari mtupu, na chini yake maneno ya mwandishi. Mistari ile ya juu wengi wetu hatuioni yote, kwani simu huificha. Nayo ndiyo yenye kazi kubwa kuliko maneno.

Kila barua hupewa alama yake ya pekee, ambayo haipasi kufanana na ya barua nyingine yo yote duniani. Alama hiyo huandikwa katika mstari wa Message-ID. Programu inapotunga jibu huinakili katika mstari wa In-Reply-To, yaani, "najibu barua ile". Tena huiongeza mwishoni mwa mstari mwingine, References, unaobeba alama za barua zilizotangulia katika mazungumzo hayo. Ni kama nasaba, fulani bin fulani bin fulani, ila hii yaanza kwa babu na kumalizia kwa mjukuu. Kwa nasaba hiyo simu ya mpokeaji hujua kuliweka jibu chini ya swali lake. Programu ikiisahau, jibu hufika likiwa yatima: limekaa peke yake katikati ya barua mia, na aliyeuliza hajui ni la swali lipi, au hulipita asilione kabisa.

Katika mstari wa habari huongezwa Re:, ambayo watu hudhani ni kifupi cha neno la Kiingereza la kujibu. Waraka wa kanuni za barua pepe wa mwaka 2008, nambari 5322, wasema ni Kilatini, in re, maana yake "katika jambo la". Huwekwa mara moja tu. Programu iliyoandikwa kwa haraka huiweka kila inapojibu, mpaka habari yenyewe yasukumwa nje ya kioo cha simu. Dawa yake katika Perl ni mstari mmoja:

$habari = "Re: $habari" unless $habari =~ /^re:/i;

Yaani, tanguliza Re: mbele ya habari, isipokuwa kama imekwisha anza nayo, kwa herufi kubwa au ndogo. Walakini yapasa kwanza kuifungua habari, maana yenye herufi zisizo za kawaida husafiri imefungwa kwa namna ya siri, na Re: iliyofungwa humo ndani mashine haitaitambua.

Kisha yafuata desturi ya kurudia maneno ya aliyeuliza, kila mstari ukitanguliwa na alama ya mshale. Hiyo nayo ni kazi nyepesi:

$barua =~ s/^-- \n.*//ms;
$barua =~ s/^/> /gm;

Mstari wa kwanza waikata sahihi ya mwandishi, ile inayoanza chini ya vistari viwili na nafasi, pamoja na yote yaliyo chini yake. Wa pili watia mshale mwanzo wa kila mstari uliobaki. Hapo jibu letu laweza kuandikwa chini yake, na msomaji akajua lipi la kwake na lipi la kwetu.

Wala mtu halazimiki kuyaandika haya yote kwa mkono wake. Tangu mwaka 1995 iko ghala ya Perl iitwayo CPAN, ambamo watu huweka kazi zao ili wengine wazichukue bila ya malipo. Humo imo Email::MIME, ifunguayo barua zenye viambatisho. Imo Email::Reply, ambayo ukiipa barua ya asili pamoja na maneno yako hukurudishia jibu lililokwisha pangwa, mishale na nasaba vikiwamo. Na imo Email::Sender, ipelekayo. Kijana wetu anayeangalia mashine aliziunganisha kwa siku mbili, nasi tukampa mkono wa hongera.

Tuliharakisha. Kutunga jibu ni sehemu iliyo rahisi. Iliyo ngumu ni kujua usimjibu nani, na hiyo hatukuifikiria.

Yalitukuta wakati wa sikukuu ya Idi. Mnunuzi mmoja alikuwa amefunga ofisi yake, akaiacha mashine yake ijibu kuwa hapana mtu mpaka Jumatatu. Jibu lile likafika kwetu. Programu yetu ikaliona kuwa ni barua mpya, ikajibu kwa adabu zake zote kuwa barua imepokelewa na itashughulikiwa. Mashine ya mnunuzi ikajibu kuwa hapana mtu mpaka Jumatatu. Yetu ikashukuru tena. Zikaendelea hivyo usiku kucha na mchana wake, kila moja ikirudia maneno ya mwenziwe chini ya mishale, na kila barua ikawa ndefu kuliko iliyotangulia, mpaka kasha letu la barua likajaa, na seva ikaanza kuzirudisha barua za watu.

Miongoni mwa zilizorudishwa ilikuwamo ya mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, aliyekuwa akiomba mkopo wa kuwalipa wachumaji. Siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kupokea maombi. Alikuja ofisini baada ya sikukuu, hakupiga kelele, akatuonyesha simu yake. Tukamkubalia ombi lake hapo hapo, lakini alikuwa amekwisha kopa kwa mtu mwingine, kwa masharti ambayo hatutayataja hapa. Mnunuzi hakuwa na kosa lililozidi letu. Programu ile ilitoka kwetu, nasi tuliiacha ikajibu bila ya kuifundisha kunyamaza.

Baadaye tuligundua kuwa jambo hili lilikuwa limekwisha andikiwa kanuni. Upo waraka nambari 3834 wa mwezi wa Agosti 2004, wote wahusu majibu yatolewayo na mashine, na mtu ye yote angeweza kuusoma. Wasema kwamba jibu la mashine lijitambulishe kwa mstari wa Auto-Submitted wenye neno auto-replied, na kwamba mashine isiijibu barua yenye mstari huo, isipokuwa pale ulipoandikwa no. Hilo peke yake lingetosha kutuokoa usiku ule, kama tungaliupeleka sisi, na mashine ya pili ikaufuata.

Lakini haifai kuitegemea adabu ya mashine ya mwenzio, kwa hiyo ziko kinga nyingine. Bahasha ya barua pepe ina anwani yake ya marejesho, ambayo hubaki katika mstari wa Return-Path. Barua zinazoarifu kuwa barua fulani haikufika huwa na anwani tupu mahali hapo, mabano mawili yasiyo na kitu ndani; hizo hazijibiwi kabisa. Jibu la mashine nalo hupelekwa kwa anwani hiyo ya marejesho, na lenyewe huenda na bahasha tupu, ili likikwama lisizae barua nyingine. Barua za orodha, zenye mstari wa List-Id, hazijibiwi, la sivyo tutawasumbua watu wasiotuuliza neno. Tena mtu mmoja asipewe jibu lile lile mara mbili ndani ya siku chache. Waraka wapendekeza siku 7. Programu yetu sasa ina daftari dogo la anwani na tarehe, nayo hulitazama kabla ya kuandika cho chote. Hata mashine zote mbili zikikosa akili, mazungumzo yao yatakwisha kwa barua moja kila juma.

Liko na jambo la wezi. Jina la mtumaji katika barua pepe laweza kughushiwa kwa urahisi, na mashine inayojibu kila kitu yaweza kutumiwa kumfurikia barua mtu asiye na habari. Kwa hiyo hatuvirudishi viambatisho, na maneno ya aliyetuandikia twayarudisha machache tu. Tena neno lo lote lililotoka katika barua ya mtu, kabla halijatiwa katika mistari ya juu ya jibu, lazima lisafishwe lisiwe na alama ya kuanza mstari mpya. Mjanja akiweza kuanza mstari mpya mahali pale, ataongeza anwani zake, na ofisi itakuwa yampelekea barua zake bure.

Kijana wetu aliyaandika haya yote upya. Programu ya kwanza ilikuwa ya kutunga tu. Hii ya sasa, sehemu iliyo kubwa yakagua kama ijibu au isijibu, na kutunga kumebaki mistari michache mwishoni. Tuliijaribu kwa kuziwekea mashine mbili za ofisini zijibizane, tukakaa tukizitazama. Ya kwanza ilijibu, ya pili ikanyamaza, tukanywa chai.

Barua za mikopo na za malipo mashine haizijibu tena kwa namna yo yote zaidi ya kuarifu kuwa zimefika. Huziweka katika kasha lililo mbali na yale mengine, ambalo halijai kwa sababu ya mengine kujaa, na karani huzifungua saa mbili ya asubuhi na kuzijibu mwenyewe, kwa jina lake. Mwanachama aliyeandika habari kama hizo asipopata jibu la karani kufikia adhuhuri ya siku ya kazi inayofuata, tafadhali apige simu ofisini.