Picha za Munch Zilizochorwa kwa Sindano

Wengi wetu tumekusanya stempu, na kila mwenye albamu ajua kwamba stempu huwa adimu kwa sababu zilichapwa chache, au kwa sababu watu walizitupa. Lakini ziko picha ambazo uadimu wake hutoka katika madini yenyewe. Mfano mzuri ni picha za kwanza alizochapa Edvard Munch wa Norway, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufa mwaka 1944.

Munch alianza kazi hii mjini Berlin mwaka 1894. Alichukua bamba la shaba nyekundu akalikwaruza kwa sindano ya chuma, kama mwanafunzi mtundu akwaruzavyo jina lake juu ya dawati. (Walimu watanisamehe.) Sindano ikipita, shaba haiondoki yote, bali huinuka kandokando ya mfereji kama ukingo mwembamba. Kisha bamba hupakwa wino, hupanguswa, huwekewa karatasi yenye unyevu, na kupitishwa katika mashine ya kugandamiza. Ukingo ule hushika wino mwingi, na mstari hutoka mweusi, laini kama mahameli. Basi, shaba si ngumu: kila karatasi ipitapo ukingo hulala kidogo, na baada ya nakala chache mstari hubaki mkavu. Bamba laweza kuvishwa utando wa chuma kwa umeme ili lidumu, ila mkusanyaji hodari hutafuta nakala za mwanzo.

Miongoni mwa picha za mwaka 1894 imo “Mtoto Mgonjwa”. Mama yake Munch alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1868, na dada yake Sophie akafa kwa maradhi hayo hayo mwaka 1877, akiwa na miaka 15. Munch alikwisha kuichora picha hiyo kwa rangi mwaka 1885 na 1886. Lakini picha ya rangi hukaa katika ukuta mmoja tu. Bamba liliweza kuipeleka huzuni ile katika nyumba nyingine, japo si nyingi.

Mwaka 1895 Meier-Graefe alitoa mkoba wa picha nane za Munch zilizochapwa kwa mabamba. Baadaye hakimu mmoja wa Hamburg, Gustav Schiefler, alifanya kazi ambayo mimi naiheshimu kuliko kununua: aliziandika picha hizo katika orodha, iliyotolewa mwaka 1907, na nyingine mwaka 1928. Orodha ilihitajiwa sana, maana Munch aliweza kulirudia bamba akaongeza au akafuta mistari, hata nakala mbili za picha moja zisifanane.

Munch aliuachia mji wa Oslo maelfu ya picha zake, nazo haziuzwi. Zinazouzwa ni zile zilizokwisha kutawanyika. Sahihi ya penseli peke yake haitoshi kumshawishi mnunuzi. Na achukue kioo cha kukuzia, atazame kama kandokando ya mistari bado kuna ule weusi wa mahameli.