Dubu Waliokosa Pori

Kutoka Bozeman, katika jimbo la Montana nchini Marekani, barabara inaelekea kusini kwa takriban kilomita 145, ikipita mabonde ya mito na misitu ya misonobari, hadi mji mdogo wa West Yellowstone. Ni mji wa hoteli, migahawa na maduka ya vifaa vya uvuvi. Ukiumaliza tu, unakutana na lango la magharibi la Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, iliyoanzishwa mwaka 1872. Sifa zake zimeenea dunia nzima, ingawa kwa eneo, karibu kilomita za mraba 9,000, haifikii Serengeti yetu.

Wageni wengi hulikimbilia lango hilo. Mimi nawashauri wapite kwanza kwenye kituo kiitwacho Grizzly and Wolf Discovery Center, kilichofunguliwa mwaka 1993. Hapa wanatunzwa dubu na mbwa mwitu wa kijivu ambao hawawezi tena kuachiwa porini. Baadhi ya dubu ni mayatima waliookotwa wakiwa wadogo. Wengine walizoea kula vyakula vya watu: takataka, chakula cha mifugo, nafaka ya kuku. Dubu wa namna hiyo hata akihamishwa mbali sana hurudi kwenye makazi ya watu, kwa kuwa pua yake haisahau. Kwa kawaida mwisho wake ni risasi. Hawa walibahatika kupata pa kwenda.

Mazoea hayo yana historia yake. Katika miaka ya 1930, kuwalisha dubu ndani ya Yellowstone kulikuwa burudani rasmi. Mabaki ya chakula cha hotelini yalimwagwa mahali maalumu, na watalii wakakaa kwenye viti vya mbao kuwatazama dubu wakigombania. Maonyesho hayo yalikoma wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini madampo yaliendelea kuwashibisha. Kisha, usiku mmoja wa Agosti 1967, wasichana wawili waliuawa na dubu wawili tofauti katika hifadhi ya Glacier, kaskazini mwa Montana, na wakuu wa Yellowstone wakaona hapana budi madampo yafungwe. Ndugu wawili watafiti, Frank na John Craighead, waliokuwa wamewachunguza dubu wa Yellowstone tangu 1959, walionya kwamba kuyafunga ghafla kutawasukuma wanyama kwenye kambi za watu. Ndivyo ilivyokuwa. Dubu wengi waliuawa, na kufikia mwaka 1975, dubu aina ya grizzly walipowekwa chini ya ulinzi wa sheria, walikadiriwa kubaki 136 tu katika ukanda mzima wa Yellowstone. Leo wanakadiriwa kuwa takriban 1,000. Kosa lilianza na binadamu, nalo lililipwa kwa uhai wa wanyama.

Kituoni, dubu hutoka uwanjani kwa zamu. Kabla ya kila zamu, watunzaji huficha chakula chini ya mawe na magogo, na mara nyingine watoto wa wageni hualikwa kusaidia. Lango linafunguliwa, na mnyama wa mamia ya kilo anapindua jiwe ambalo watu wazima wawili wangetokwa jasho kulisogeza. Kwa kuwa chakula hakikatiki, dubu hawa hawalali usingizi wa majira ya baridi kama wenzao wa porini, wanaojichimbia kwa takriban miezi mitano. Ndiyo maana kituo kinapokea wageni mwaka mzima, hata theluji inapofunga barabara nyingi za hifadhi.

Kilichonivutia zaidi ni kazi wanayopewa dubu. Viwanda huleta mapipa ya taka na masanduku ya kuhifadhia chakula. Ndani hutiwa siagi ya karanga na vitu vingine vyenye harufu kali, kisha dubu huachiwa wang'ate, waruke na kubamiza. Chombo kikistahimili dakika 60 za kushughulikiwa hivyo bila kufunguka, kinaweza kuidhinishwa kutumika katika maeneo ya dubu. Mnyama aliyeharibiwa na takataka anawaokoa wenzake wasiharibiwe nazo. Sijaona elimu ya uhifadhi iliyo wazi kuliko hiyo.

Mbwa mwitu wa hapa wamezaliwa mikononi mwa watu, nao hutazamwa kupitia vioo vipana. Walio huru wako ng'ambo ya lango la hifadhi. Wa mwisho ndani ya hifadhi waliuawa mwaka 1926, kwa sera ya serikali yenyewe. Wakarudishwa kutoka Kanada: 14 mwaka 1995, wengine 17 mwaka uliofuata. Wafugaji wa jirani walilalamika, na wangali wanalalamika kila ndama anapoliwa, malalamiko ambayo mfugaji wa kando ya hifadhi zetu anayaelewa vizuri.

Ukijaliwa kufika, tiketi moja ya kituo inakuruhusu kuingia siku mbili mfululizo, itumie yote. Ukishavuka lango la hifadhi, kaa angalau mita 91 mbali na dubu na mbwa mwitu, kama sheria inavyotaka. Chakula, sabuni na hata dawa ya meno vifungie garini au kwenye sanduku la chuma la kambini. Nafasi za kituo ni chache, na dubu anayeonja mkate wako huenda asipate hata moja.