Goti la mtoto lenye joto halingoji kesho

Wamama, mtoto akianza kuchechemea tunasema ameanguka kwenye mpira. Homa ikifuata tunasema malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna ugonjwa unaojificha nyuma ya hayo mawili: usaha ndani ya kiungo, hasa goti na nyonga.

Mikrobi hupita katika damu, pengine ikitokea kwenye kidonda cha ngozi tu, ikaingia ndani ya kiungo. Usaha unakula ile gegedu laini inayofunika ncha za mifupa. Siku chache zinatosha kuiharibu, na ikiharibika hairudi. Kwenye nyonga ni vibaya zaidi: usaha unabana mishipa ya damu, na kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kufa. Mtoto anabaki na mguu mfupi maisha yake yote.

Goti utaliona limevimba na lina joto. Nyonga haionekani, imezama ndani ya nyama. Mtoto analala amekunja mguu, hataki uguswe, hakanyagi chini. Mtoto mchanga analia ukimbadilisha nguo, na mguu mmoja hautikisi.

Hapo tuache kukanda kwa maji moto na kuchanja. Antibiotiki za kununua farmasi nazo ni mtego: homa inashuka, usaha unabaki. Nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye chumba cha operesheni, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu. Daktari huvuta maji ya kiungo kwa sindano. Akikuta usaha, mara nyingi atafungua kiungo akioshe, kisha dawa kwenye mshipa, halafu vidonge kwa wiki kadhaa. Wengi tunakimbia tukisikia neno operesheni. Kinacholemaza ni usaha ulioachwa ndani.

Wenye watoto wa SS, ninyi hasa. Mifupa ya watoto hawa huuma mara kwa mara, basi mama anazoea. Lakini damu yao haina kinga nzuri, na salmonela hupenda mifupa yao. Maumivu yakishika mahali pamoja na homa haishuki, usiseme ni krizi ya kawaida. Hata daktari anahitaji vipimo kutofautisha.

Pesa? Kikundi chenye likelemba kinaweza kutenga sehemu ndogo ya haraka, ili mama asisubiri baba arudi kutoka mgodini. Na ukifika, mwambie daktari siku maumivu yalipoanza, dawa zote ulizompa, hata za kienyeji, na kama mtoto ni SS.